Mafuta ya Kyela yapimwe kwa asidi, si kwa kuganda

Kuanzia Juni hadi Agosti, dumu la mawese linalopakiwa Kyela likiwa na mafuta mekundu yanayotiririka hufika Uyole au Makambako limeganda nusu. Mnunuzi hulifungua, huchovya kijiti, kisha hutoa hukumu ambayo wafanyabiashara wa barabara hii wameizoea: haya yamechanganywa. Wapo wanaosema yametiwa nta ya mshumaa, wapo wanaosema ni mafuta ya ng'ombe. Bei inashuka, na muuzaji asiye na la kujibu anakubali.

Hukumu hiyo si ya haki, na inawaumiza wakulima wa michikichi bila kumlinda mlaji hata kidogo. Kuganda ni tabia ya asidi ya palmitiki, na asidi hiyo ndiyo karibu nusu ya mawese yenyewe. Kasoro ya kweli ipo katika mafuta mengi yanayotoka Kyela, tena inahusu asidi hiyohiyo, lakini kijiti hakiioni. Tunashusha bei ya mafuta mazuri kwa sababu yameganda, halafu tunapokea mabaya kwa sababu yanang'aa.

Tuanze na kuganda. Ndani ya mafuta, asidi za mafuta hushikwa tatu tatu na gliserini moja. Asidi ya palmitiki ni mnyororo wa kaboni 16 ulionyooka, umejaa hidrojeni, hauna kiungo pacha cha kuupinda. Minyororo iliyonyooka hulala sambamba na kushikana, ndiyo maana palmitiki ikiwa peke yake hubaki ngumu mpaka nyuzi joto 63 za Selsiasi. Asidi ya oleiki ina kaboni 18 na kona moja katikati, na kona hiyo moja inatosha kuifanya iyeyuke kwenye nyuzi 13 hivi. Linoleiki, iliyojaa kwenye alizeti ya kawaida, ina kona mbili na huganda chini ya sifuri. Mawese yana takriban asilimia 44 ya palmitiki, 40 ya oleiki, 10 ya linoleiki, na 4 au 5 ya asidi ya steariki. Kwa mchanganyiko huo, mafuta hayamalizi kuyeyuka mpaka yafike kati ya nyuzi 33 na 39.

Sasa weka ramani juu ya takwimu hizo. Kyela iko kandokando ya Ziwa Nyasa, karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, na mchana wake ni wa joto. Tukuyu iko juu ya mita 1,500, Mbeya mjini takriban mita 1,700, na usiku wa Julai huko hushuka chini ya nyuzi 10. Mawese yasiyoganda Mbeya mwezi wa Julai ndiyo ya kutiliwa shaka, kwa maana yamepunguzwa palmitiki au yameongezwa mafuta mengine mepesi.

Hata Kyela kwenyewe, dumu likitulia siku kadhaa hujigawa. Juu hukaa mafuta mekundu mepesi yenye oleiki nyingi, chini hutua sehemu nzito iliyopauka yenye palmitiki nyingi. Viwanda vikubwa hufanya hivyo kwa makusudi: hupoza mafuta polepole, huchuja, na kuuza sehemu mbili kwa bei mbili. Sokoni jambo hilo huleta ugomvi usio na sababu. Anayekuja asubuhi anamiminiwa ya juu, anayekuja jioni anabaki na ya chini, kila mmoja akiamini amepewa mafuta ya mtu mwingine. Kabla ya kupima, kuonja au kugawa, dumu lipashwe moto mpaka nyuzi 50 au 60, mafuta yote yawe maji, yakorogwe hadi chini, ndipo yamiminwe. Dumu la plastiki halisogezwi kwenye moto. Linawekwa ndani ya beseni la maji ya moto.

Mafuta ya dukani ya mawese yaliyosafishwa, yale ya njano, ni ile sehemu nyepesi. Viwango vya kawaida vya biashara huruhusu yaanze kuweka ukungu kwenye nyuzi 10, kwa hiyo chupa iliyokaa dirishani Mafinga au Njombe ikiamka na weupe ndani imefuata hali ya hewa tu. Alizeti ni suala jingine, na hapa kijiti kina kazi. Chupa iliyoandikwa alizeti tupu ikigeuka nusu yabisi kwa baridi ya kawaida ya Iringa, kuna uwezekano mkubwa kwamba imechanganywa na mawese yaliyosafishwa, kwa kuwa alizeti safi hugandishwa na baridi iliyo mbali chini ya sifuri. Ila mnunuzi asikurupuke: alizeti iliyokamuliwa kwenye mashine za mitaani bila kusafishwa hubeba nta ya maganda ya mbegu, na nta hiyo hutua chini ikiwa tabaka jembamba jeupe. Tabaka jembamba ni nta. Chupa nzima kuwa nzito ni mchanganyiko.

Kasoro yenyewe ni asidi iliyoachana na gliserini, inayoitwa asidi huru. Tunda la mchikichi lina kimeng'enya kinachovunja mafuta, na maadamu tunda halijachubuka kimeng'enya hicho na mafuta hukaa mbalimbali. Shada likianguka, likigongwa, likirundikwa, vinakutana. Palmitiki na oleiki zinaanza kutoka kwenye gliserini, na kila saa inayopita huongeza kiasi chake. Mazoea ya kulimbika mashada chini ya majani kwa siku 3, 4 hata 5 ili matunda yapukutike kwa urahisi ndiyo chanzo kikuu cha mafuta mabaya. Kazi ya kupukuchua inakuwa nyepesi, ni kweli, na vijiji vingi havina mashine ya kuipunguza. Lakini nafuu hiyo inalipwa kwa mafuta yenyewe, ambayo yanaweza kutoka na asidi huru ya asilimia 10 au zaidi, ilhali biashara ya kimataifa ya mawese ghafi huweka ukomo wa asilimia 5.

Dawa ni joto, na joto lenyewe liwahi. Shada likatwe vipande kwa shoka, matunda yakiwa bado yameshika kwenye vichipukizi, yachemshwe au yafukizwe kwa mvuke ndani ya saa 24 tangu kukatwa. Dakika 60 hadi 90 za kuchemka huua kimeng'enya na pia hulegeza matunda, kwa hiyo ile sababu ya kulimbika inaondoka. Baada ya kutwanga na kukamua, kuna hatua moja ambayo wengi huiruka: kukausha. Mafuta yaliyoenguliwa juu ya maji bado yana maji ndani. Yarudishwe motoni, moto wa wastani, mpaka mlio wa kupasukapasuka ukome na mapovu madogo yaishe. Maji yakibaki, uvunjaji unaendelea ndani ya dumu, na mafuta yaliyoondoka Kyela yakiwa mazuri hufika Iringa yamechacha. Chombo kijazwe hadi juu, kikae kivulini, na pipa la chuma lenye kutu lisitumike kamwe, maana kutu huharakisha kuchacha kunakotokana na hewa.

Je, asidi huru inapimikaje bila maabara kubwa? Shule ya sekondari yenye maabara ya kemia ina kila kinachohitajika. Tengeneza myeyusho wa gramu 4 za haidroksidi ya sodiamu, yaani kostiki soda, katika lita 1 ya maji. Pima gramu 5 za mafuta yaliyopashwa moto na kukorogwa. Chukua mililita 50 za spiriti isiyo na rangi, ipashe kidogo mbali na moto wa wazi, tia matone machache ya finofthalini, dawa inayogeuka waridi ikikutana na kostiki, kisha ongeza myeyusho ule tone kwa tone mpaka rangi hafifu ya waridi itokee. Hapo spiriti imeshatulizwa asidi yake yenyewe. Mimina kwenye mafuta, tikisa, na anza kushusha myeyusho kutoka kwenye bureti, mrija wenye alama za mililita na koki chini, huku ukitikisa mpaka waridi idumu nusu dakika. Idadi ya mililita zilizotumika zidishe kwa 0.512. Jibu ni asilimia ya asidi huru, ikihesabiwa kama palmitiki. Mililita 10 maana yake ni asilimia 5.1, mililita 20 ni asilimia 10.2.

Tatizo moja huwapoteza wanaojaribu mara ya kwanza: wekundu wa mawese hufunika waridi. Usitazame chupa nzima. Baada ya kila kutikisa, acha chupa itulie. Mafuta huzama na spiriti huelea juu, na tabaka hilo la juu ndilo linaloonyesha rangi. Ikiwa bado ni vigumu, punguza mafuta yawe gramu 2.5 na uzidishe mililita kwa 1.024 badala ya 0.512.

Kinachonisumbua ni kwamba Kyela haikosi watu wanaojua maana ya kupanga ubora. Kakao ya wilaya hiyohiyo inauzwa kwa mnada kupitia vyama vya msingi vya ushirika na stakabadhi ghalani, na mkulima wa Kyela anajua vizuri kwamba kakao iliyochachushwa na kukaushwa ipasavyo haiwekwi gunia moja na iliyolowa. Lakini mtu huyohuyo akikamua mawese, mafuta ya siku moja na mafuta ya mashada yaliyolimbikwa siku 5 yanaingia pipa moja kwa bei moja. Pasipo tofauti ya bei hakuna atakayejisumbua kuwasha moto siku ileile ya mavuno. Kwa maoni yangu, vyama vilivyopo vinaweza kuanza na jambo dogo kuliko kiwanda: mizani, bureti moja, na madaraja mawili. Yaliyo chini ya asilimia 5 yaende jikoni, yaliyozidi yaende kwenye sabuni.

Sabuni, kwa kweli, ndiyo kazi ambayo palmitiki inaifanya kuliko zote, na kwa nyanda za juu ina mitego ambayo mafunzo ya Dar es Salaam hayaitaji kwa sababu huko haitokei.

Mafuta yakikutana na kostiki soda, asidi huachia gliserini na kushika sodiamu. Palmitiki iliyoshika sodiamu hutoa kipande kigumu, kisichoyeyuka ovyo kwenye kisahani, chenye povu zito linalodumu. Lakini haipendi maji baridi. Kwenye maji ya Makete ya asubuhi, sabuni ya mawese matupu huteleza tu mkononi bila povu, na mnunuzi huona haina nguvu. Tiba yake iko ndani ya tunda lilelile. Kiini cha mbegu ya mchikichi, ambacho Kigoma wanakiita mise, kina mafuta tofauti kabisa: karibu nusu yake ni asidi ya lauriki yenye kaboni 12, ambayo sabuni yake hutoa povu jepesi hata kwenye maji baridi. Mgao wa mawese sehemu 4 kwa mafuta ya mise sehemu 1 unafaa. Ukizidisha mise kupita theluthi, sabuni inaanza kukausha ngozi, na ngozi ya watu wa baridi imeshakauka ya kutosha.

Hesabu ya kilo 5 za mafuta ni hii. Mawese huhitaji gramu 142 za kostiki kwa kilo, mise gramu 176. Kilo 4 za mawese ni gramu 568, kilo 1 ya mise ni gramu 176, jumla 744. Punguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki bila kushikwa na sabuni isichome: zinabaki gramu 707. Maji ni mara mbili ya kostiki, kilo 1.4 hivi. Asiyepata mise akatumia mafuta ya nazi aweke gramu 183 kwa kila kilo ya nazi, asitumie ile 176.

Neno kilo hapo limeandikwa kwa makusudi. Lita moja ya mawese ina uzito wa gramu 900 hivi, na dumu la lita 20 hubeba kilo 18. Anayemimina lita 5 akidhani ni kilo 5 ana kilo 4.5, ambazo zinatosheka kwa gramu 670 za kostiki. Akitia 707, gramu 37 zinabaki bila mafuta ya kushika, na hizo ndizo zinazokwangua mikono ya wafuaji. Naamini sehemu kubwa ya sabuni za kienyeji zinazolalamikiwa kuwa kali zinatokana na kosa hili moja la kupima kwa kikombe na chupa, wala si kwa sababu kostiki yenyewe ni mbaya.

Kostiki humiminwa ndani ya maji, kamwe maji hayamiminwi juu ya kostiki, kwa kuwa joto huruka ghafla na kurusha matone. Ndoo iwe ya plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu. Sufuria ya alumini huliwa na kostiki, na hutoa hewa ya hidrojeni inayowaka. Glavu na miwani si mapambo. Tone likigusa ngozi, maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Likiingia jichoni, hivyohivyo na safari ya hospitali. Kupaka siki au limau juu ya ngozi iliyochomwa ni kupoteza muda ambao maji yangefanya kazi.

Mtego wa kwanza wa baridi ni uzito wa uongo. Mkorogaji anachanganya mafuta na maji ya kostiki kwenye nyuzi 35, kama kitabu chake kilivyosema, na ndani ya dakika chache mchanganyiko unakuwa mzito. Anafurahi, anamimina kwenye kalibu. Kesho yake anakuta juu kuna mafuta na chini maji makali. Kilichotokea ni kwamba palmitiki iliganda kwa sababu chumba kilikuwa na baridi. Sabuni ilikuwa bado haijaundwa. Tukuyu, Makete na Njombe, mafuta na maji ya kostiki vyote vikutanishwe kwenye nyuzi 45 hadi 50, ndoo ikae ndani ya beseni la maji ya moto, na mkorogo uendelee mpaka alama ya mwiko ibaki juu ya uso huku mchanganyiko ukiwa bado na joto lake. Ukiwa mzito na umepoa, usiuamini: upashe tena polepole, na kama unarudi kuwa majimaji, endelea kukoroga.

Kalibu lifunikwe kwa blanketi kwa saa 24. Lisipofunikwa, katikati hupita hatua ya kuiva kwa joto na pembeni hukosa, kipande kinatoka na duara jeusi ndani. Haina madhara, ila sokoni haipendezi. Unga mweupe unaojitokeza juu ni kostiki iliyokutana na hewa na kugeuka magadi, ukwangue. Kata baada ya siku 1 au 2, panga kwenye chanja zenye nafasi, na ngoja wiki 4 hadi 6. Tukuyu, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, hesabu wiki 6 au zaidi. Mwenye haraka ya kuuza wiki ya pili anauza maji, na kipande chake kitapinda dukani.

Unyevu huohuo hula kostiki. Wauzaji hupima kutoka gunia lililofunguliwa, na kostiki iliyo wazi hunyonya maji na hewa ya kaboni mpaka chembe zake zinashikana. Kilo ya kostiki iliyolowa si kilo ya kostiki. Nunua iliyo kavu, inayomwagika yenyewe, ifungwe kwenye chombo kisichopitisha hewa, na usijaribu kufidia kwa kukisia.

Kuhusu mafuta ya daraja la pili, yale yenye asidi huru nyingi: kiasi cha kostiki hakibadiliki sana, kwa sababu asidi huru nayo hushika sodiamu yake. Kinachobadilika ni mwendo. Asidi huru hugeuka sabuni papo hapo kostiki inapogusa, na mkorogo huvimba na kufanya mabonge kabla mafuta mengine hayajaanza. Mafuta ya namna hii yapikwe. Yapashwe mpaka nyuzi 60 au zaidi, maji ya kostiki yaingie kidogo kidogo, yachemke taratibu hadi yawe kitu kimoja, kisha yatiwe brine, yaani maji ya chumvi nyingi. Sabuni huelea, na harufu ya kuchacha, uchafu na gliserini hubaki chini kwenye maji hayo. Ni kazi ya kuni nyingi, lakini mafuta ambayo jikoni hayafai hutoka yakiwa sabuni safi. Wapo wanaopausha mawese kwanza kwa kuyachoma mpaka nyuzi 200 na kupita, wekundu upotee. Hilo sishauri kwenye jiko la nyumbani: moshi wake unakera mapafu na mafuta yakishika moto hakuna maji yatakayoyazima. Wateja wazoeshwe rangi ya njano.

Anayetaka kuthibitisha kwamba kipande hakina kostiki iliyobaki adondoshe finofthalini kwenye uso uliokatwa upya na uliokauka. Waridi iliyokolea maana yake kipande hakijawa tayari. SIDO Mbeya, shirika la viwanda vidogo, hufundisha utengenezaji wa sabuni, na anayetaka kuuza nje ya kijiji chake atahitaji alama ya TBS, shirika la viwango. Mafunzo hayo yawe mahali pa kudai mizani ya gramu kabla ya kalibu la urembo.

Matumizi mengine ya palmitiki nayataja kwa kifupi. Asidi ya steariki inayouzwa kwa watengeneza mishumaa na losheni mara nyingi ni mchanganyiko ambao nusu yake au zaidi ni palmitiki, na anayenunua kwa jina bila kujua hilo hushangaa kwa nini mshumaa wake unayeyuka mapema kuliko nyuzi 69 za steariki safi. Vitamini A inayoongezwa kwenye mafuta ya kula yaliyorutubishwa huja ikiwa imefungwa kwenye palmitiki ili isiharibike upesi. Krimu za ngozi hubeba pombe nzito iliyotokana nayo. Na Kyela hutupa maganda ya kakao ambayo majivu yake yana potasi nyingi; Afrika Magharibi majivu hayo na mawese hutoa sabuni nyeusi laini tangu zamani. Sioni kwa nini isijaribiwe hapa, ingawa maganda yakirudishwa shambani nayo ni mbolea, na mkulima ana haki ya kuchagua.

Jikoni kuna hoja ya afya, nayo siipuuzi. Palmitiki ikichukua nafasi ya oleiki au linoleiki kwenye mlo, lehemu mbaya kwenye damu hupanda. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yaliyojaa hidrojeni yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu anayehitaji nishati ya kilokalori 2,000, hiyo ni gramu 22 hivi. Vijiko vikubwa 2 vya mawese vina karibu gramu 13, kabla ya kuhesabu nyama na maziwa. Asiye na tatizo la moyo hana sababu ya kuyaogopa mawese mekundu kwa kiasi, hasa kwenye nyumba ambako watoto hukosa mboga na matunda ya rangi, kwa kuwa wekundu ule ndio karotini ambayo mwili huigeuza vitamini A. Akiyachoma hadi yapauke, ameitupa karotini na kubakiza palmitiki. Aliyeshauriwa na daktari kupunguza lehemu apikie alizeti, au ale parachichi la Rungwe lenye oleiki nyingi.

Mwili wenyewe haujui kuishi bila palmitiki. Hupatikana kwa wingi katika maziwa ya mama, na utando unaozuia vifuko vya hewa vya mapafu visinate hutegemea molekuli iliyobeba palmitiki mbili. Mtoto njiti hupumua kwa shida kwa sababu hajatengeneza ya kutosha. Zaidi ya hapo, ini hutengeneza palmitiki lenyewe kutoka kwa wanga uliozidi. Anayekwepa mawese huku akinywa soda mbili kwa siku juu ya sahani ya wali iliyofurika anaiingiza kwa mlango wa nyuma.

Kwenye kikaango cha chipsi pale Mwanjelwa, Mbeya, palmitiki ina sifa nzuri: haina kiungo pacha cha kushambuliwa na hewa, hivyo mawese huvumilia moto mrefu kuliko alizeti. Ila uvumilivu huo unafutwa na asidi huru, kwa sababu hushusha kiwango cha joto ambacho mafuta huanza kutoa moshi. Viazi vyenye maji, chembe zilizoungua na mafuta yanayotumika siku hadi siku bila kuchujwa huongeza asidi huru mpaka moshi unatoka kabla kikaango hakijafika nyuzi 180. Mafuta yanayotoa moshi na kufanya povu dogo lisiloisha yamekwisha. Hayaongezewi mapya, yanachujwa na kupelekwa kwa mpika sabuni.

Kwa mnunuzi wa jumla anayesimamisha gari Kyela msimu huu, maswali ya kuuliza ni matatu. Mashada yalikatwa lini na yalichemshwa lini? Baada ya kuenguliwa, mafuta yalirudishwa motoni mpaka mlio ukakoma? Asidi huru ni asilimia ngapi? Majibu yaandikwe kwa kalamu isiyofutika ubavuni mwa dumu pamoja na uzito kwa kilo. Mafuta ya asilimia 3 yakifika Makambako yameganda kabisa, bado yanastahili bei ya juu kuliko ya asilimia 12 yanayong'aa.